Yaacheni Maji Yapwe

Muulize kijana yeyote wa Njoro anayepanda mlima na mizigo ya wageni: ufukwe gani wa Unguja ni bora kuliko zote? Hatakuna kichwa. Nungwi, atasema, halafu Kendwa, halafu Paje kama unapenda upepo. Na sababu atakupa: mchanga mweupe kama sembe, maji ya rangi ya feruzi, minazi imeinama kama imeambiwa. Kayajulia wapi hayo? Mlimani. Siku sita njiani anawasikia wageni wake wakipanga nusu ya pili ya safari: tukishuka tunaoga, tunakwenda KIA, jioni tuko Unguja tunapumzisha magoti. Sasa muulize, na wewe umefika lini? Atacheka tu.

Mimi simcheki. Hawa wapagazi wetu wanajiita wagumu, na mtu anayebeba kilo 20 za mgeni kuelekea kwenye barafu jina hilo kalistahili. Yeye anarudia alichokisikia, na hajamwambia mtu kwamba ni mwandishi. Ugomvi wangu ni na ninyi, washkaji wa kalamu.

Nazisoma hadithi zetu humu, na nyingine nazisikia tunaposomeana. Msichana wa Moshi akipata mchumba mwenye pesa, lazima apelekwe Zanzibar. Akifika Zanzibar, lazima kuwe na ufukwe mtupu. Na mawimbi, jamani! Mawimbi yanabusu mchanga. Yamebusu mpaka midomo imechubuka. Mwenzetu mmoja aliwapeleka wapenzi wake Paje saa tano asubuhi, mwezi ukiwa mpevu, akawatia majini mpaka mabegani hatua kumi tu kutoka mchangani. Bwana wee! Siku ya bamvua, saa hiyo, pale Paje hakuna maji ya kumfika mtu mabegani isipokuwa atembee, atembee, pengine kilomita nzima, kuelekea mwamba unakovunjikia wimbi. Wale wapenzi walikuwa wanaogelea kwenye karatasi ya matangazo.

Kwa kuwa sisi ni watu wa mlima, acha nilieleze jambo hili kidogo. Bahari ya Unguja hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kwa kama dakika 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hilo ndilo bamvua. Katikati ya hapo ni maji mafu, yanakwenda na kurudi kwa uvivu. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa huweza kukaribia mita 4 za kwenda juu. Sasa upande wa mashariki, kuanzia Matemwe kushuka Kiwengwa, Bwejuu, Paje mpaka Jambiani, chini ni tambarare kama sinia, na mwamba uko mbali mbele. Mita hizo chache zikishuka, bahari inakimbia mpaka huioni vizuri. Kendwa, kaskazini magharibi, mteremko ni mkali zaidi, kwa hiyo maji hayaendi mbali, na mtu anaoga saa yoyote anayotaka. Kwa sababu hiyo, na si kwa mchanga, Kendwa inashika namba za juu katika orodha za wageni.

Zitazame orodha hizo uone zinavyotoa maksi. Ufukwe wa mashariki unasifiwa weee, halafu unakatwa: tatizo lake maji hutoka. Tatizo! Tatizo la nani?

Nimekaa Jambiani mara mbili, mara ya kwanza wakati wa kusi na mara ya pili kaskazi ikivuma, kwa kaka yangu wa ukoo anayefanya useremala huko. Maji yakishaanza kutoka, kijiji kinashuka. Wanawake wanakwenda kwenye mashamba yao ya mwani, na ninaposema mashamba namaanisha mashamba: vigingi vimechomekwa mchangani, kamba zimefungwa kutoka kigingi hadi kigingi, mwani unaning'inia. Kilimo hicho kilianza kibiashara hapo Paje na Jambiani mwaka 1989, na tangu mwanzo wengi wa wakulima ni wanawake. Mwani unakaushwa, unafungwa, unasafirishwa nje, na huko unatolewa kitu cha kuzitia uzito dawa za meno na aiskrimu. Yaani mgeni anayenuna kwamba bahari imekimbia huenda asubuhi hiyohiyo amepigia mswaki bahari hiyo.

Wengine wanakwenda na kijiti cha chuma kutafuta pweza kwenye matundu ya mwamba. Wengine wanafukua makumbi ya nazi yaliyozikwa miezi mingi kwenye matope ya pwani yaoze, wayaponde, wasokote kamba. Watoto wamechora goli mchangani. Ngalawa zimelala ubavu, wenyewe wanazikalafati. Bi mkubwa mmoja nilimwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia, "Marahaba mwanangu," halafu bila kuinua kichwa akaniambia, "Angalia usinikanyagie kamba zangu." Hakuniuliza kama naupenda ufukwe wake.

Kazi yote hiyo inafanyika ndani ya saa chache ambazo orodha inaziita kasoro. Maji yakirudi, kazi imekwisha, watu wamepanda juu, na mgeni anatoka chumbani na kamera anakuta kumesafishika. Anaandika: ufukwe mtupu. Sisi tunachukua neno hilo, tunalitafsiri, tunalitia kwenye hadithi.

Na si kwamba kazi hiyo inasubiri sifa zetu ili iwe ngumu. Bahari inapata joto, mwani aina ya kotonii, ulio na bei nzuri kuliko mwenzake spinosam, unakufa kwenye maji ya kina kifupi. Pale Paje kamba za mwani na watu wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara wanagombea mahali palepale. Kuna riwaya nzima pale, tena bila busu hata moja. Nani kaandika?

Najua mtakachosema. Mgeni kalipa, anataka kuoga, muache. Sawa, aende Kendwa, na mimi nitamwonyesha daladala. Sina vita na mtu anayetaka kuoga. Hata Nungwi, jirani tu na Kendwa, ninaipenda, kwa sababu ukiziacha baa ukatembea unawakuta mafundi wanaochonga majahazi mchangani kwa tezo. Ninachokataa ni kipimo cha mtu anayetaka kuoga kugeuzwa kipimo cha pwani yote, na sisi kuwa makarani wa kipimo hicho.

Maana kina matokeo. Nilikuwa natembea kandokando ya maji, upande huohuo wa mashariki, nikafika mbele ya hoteli moja ambayo sitaitaja. Askari akanisimamisha. "Mambo, kaka. Unaelekea wapi?" Nikamwambia natembea. Lafudhi yake ikanichekesha, nikamuuliza kwao wapi. Rombo! "Na wewe?" Moshi, Njoro. Tukashikana mikono kama ndugu waliopoteana. Halafu akashusha sauti: "Kaka, nakuomba upitie barabarani. Wakiona nimekuachia, kibarua kimeota nyasi." Mrombo anamzuia mtu wa Njoro asipite pwani ya Wajambiani ili mtu wa mbali aone patupu. Mkitaka hadithi fupi nawapa bure hiyo.

Zanzibar ardhi ni ya umma tangu Mapinduzi ya 1964, na mwekezaji hukodishwa tu. Lakini mahali palipokwisha kuandikwa kwamba ni patupu ni rahisi sana kumkodisha mtu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 rasi ya Nungwi ilikuwa imeahidiwa kampuni ya nje kwa mradi mkubwa mno: mahoteli, nyumba za kifahari, viwanja vya gofu, mahali ambapo maelfu ya watu wanaishi, wanavua na wanazika wafu wao. Mradi haukujengwa. Ila fikirini ramani yake ilivyoonekana mezani: mchanga, minazi, maji, basi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi, kuliko vijana wote wa nchi hii, tunaujua mchezo huu. Tumefanyiwa. Tazama postikadi yoyote ya Kilimanjaro. Twiga, mbuga, kilele cheupe. Moshi haimo, Njoro haimo, kihamba hakimo, mfongo unaoteremsha maji migombani haumo. Hemingway alimpa mlima wetu hadithi mwaka 1936, ikasomwa dunia nzima, na humo sisi wa miteremkoni hatumo. Tukikaa kijiweni tunalalamika: wazungu wanaona theluji tu, hawaoni watu. Tunalalamika vizuri kweli, kwa hasira na mifano. Halafu mtu anakwenda nyumbani, anachukua kalamu, anaishughulikia Unguja vilevile. Ametoa theluji, ameweka mchanga.

Msinambie hakuna njia nyingine ya kuandika bahari. Adam Shafi aliitoa *Kuli* mwaka 1979, na bandari ya Unguja humo ni mahali pa mgongo wa mtu na mzigo. Mgumu wa Njoro akiisoma atajiona kabla ya kurasa kumi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa Nobel mwaka 2021, katika vitabu vyake bahari huleta watu na huondoka na watu, na mara nyingi hao wanaoondoka hawajaaga vizuri. Hao wote ni watu wa pwani, mtasema, walizaliwa na maji. Kweli. Basi sisi wa bara tuna sababu zaidi ya kuuliza kabla ya kuandika. Mwezi unaouvuta mwani wa Jambiani ndio huu unaopita juu ya msitu wa Njoro. Kujua kama leo ni bamvua hakuhitaji nauli, kunahitaji kuinua kichwa.

Kama mtu bado ananishikilia nimchagulie ufukwe, haya. Nenda Jambiani wakati wa bamvua, na ufike asubuhi maji yakitoka, si jioni yakirudi. Nenda Kizimkazi Dimbani, ukutani mwa msikiti wake kuna maandishi ya Kikufi yenye tarehe inayolingana na mwaka 1107, halafu urudi useme tena kwamba pwani hii iligunduliwa na watalii. Nenda Makunduchi mwezi wa Julai kwenye Mwaka Kogwa, ila ujue unakwenda kwenye sherehe ya watu, uvae kama mtu. Mangapwani pana mchanga mzuri sana, na hatua chache kutoka hapo pana chumba kilichochimbwa chini kwenye mwamba, walimofichwa watumwa baada ya soko la Unguja kufungwa mwaka 1873. Orodha huzitaja picha mbili hizi kwa pumzi moja, mchanga na chumba, kama vile ni pweza na wali. Sijui anayeandika hivyo anakulaje chakula cha mchana. Pemba sitaisema sana, nisije nikawa na mimi nimetengeneza orodha, lakini kuna ufukwe kule Ras Kigomasha unaitwa Vumawimbi, na aliyeupa jina hilo alikuwa mwandishi kutushinda.

Mhariri, nawe nakuomba kitu. Hadithi ya ufukwe ikikufikia mezani, tafuta kwanza ilikuwa tarehe ngapi ya mwezi na saa ngapi. Kama mwandishi hajui, mrudishie.

Na kwa sababu najua nauli ya Unguja ni noma kwa wengi wetu, basi na boti, napendekeza tuanze karibu. Bahari yetu sisi watu wa Moshi ni Tanga, na reli ilituunganisha nayo tangu 1911. Kilomita kama 20 kusini ya mji wa Tanga kuna Tongoni: mikoko, tope, ngalawa, magofu ya msikiti na makaburi ya kale yenye nguzo. Mgeni hata mmoja sijamsikia akiitaja mlimani. Tutakwenda mwezi ukiwa mpevu, kwa basi la asubuhi, na tutalala Tanga mjini ili kesho yake tuwe pwani kabla ya saa tatu. Kila mtu aje na daftari na viatu vya kukanyagia tope. Kamera moja inatosha kwa wote, na itabaki begani mwangu mpaka tumemaliza kuamkia watu.