Wadada Wanavua Plastiki Baharini, Lakini Nani Atalipa Bill ya Fuo za Hawaii?

Ukisikia Hawaii unafikiria nini? Maji ya bluu, surfing, wasee na maua shingoni. Sasa nenda Kamilo, ufuo ulio kusini-mashariki mwa kisiwa kikubwa. Huko mikondo na upepo hutupa taka ufuoni siku baada ya siku: miswaki, vifuniko vya chupa, kreti na nyavu kubwa kubwa. Watu wameubandika jina la Ufuo wa Plastiki. Zamani wenyeji walienda hapo kuokota magogo yaliyoletwa na bahari ili wachonge mitumbwi.

Hizo taka si za Kamilo. Kati ya Hawaii na California kuna eneo ambalo mikondo huzungusha uchafu na kuukusanya. Utafiti uliotoka Machi 2018 ulikadiria ukubwa wake ni kilomita mraba milioni 1.6, yaani karibu mara tatu ya Kenya. Usidhani ni kisiwa unaweza kutembea juu yake. Mingi ni vipande vidogo vimetapakaa majini, na ukipima kwa uzito, karibu nusu ni nyavu za wavuvi.

Hapa ndipo mabaharia wa kike wanaingia. Mwaka wa 2014, Emily Penn wa Uingereza na mwenzake Lucy Gilliam walianzisha eXXpedition, safari za matanga ambapo crew yote ni wanawake. Mwaka wa 2018 waliondoka Hawaii wakielekea Vancouver, Canada, wakipita katikati ya huo uchafu wakichota sampuli za maji. Hawakuenda kuzoa taka zote. Walitaka kujua ni plastiki ya aina gani na inatoka wapi, kwa sababu huwezi kufunga mfereji kama hujui uko wapi.

Halafu kuna Mary Crowley, baharia wa California aliyeanzisha Ocean Voyages Institute mwaka wa 1979. Yeye mbinu yake ni tofauti. Meli zinazopita zikiona wavu umetelekezwa, wanaufunga kifaa cha GPS. Wavu mmoja huwapeleka hadi kwenye nyavu zingine, kwa sababu mikondo inazikusanya pamoja. Mwaka wa 2020, meli yao ya matanga, Kwai, ilirudi Honolulu baada ya siku 48 na tani 103 za nyavu na plastiki. Hiyo si mchezo!

Na walio nchi kavu hawajakaa tu. Hawaii Wildlife Fund na watu wa kujitolea wamekuwa wakisafisha Kamilo tangu 2003, kwenye barabara mbovu ya kutesa gari. Wameondoa mamia ya tani. Kwao hii si hobby, maana nyavu hizo huwanasa kasa na sili wa Hawaii, mnyama ambaye hapatikani kwingine duniani na amebaki kama 1,600 hivi. Wanaharakati wa fuo pia walisukuma serikali za kaunti zipige marufuku mifuko ya plastiki. Maui na Kauai zilianza 2011, na kufikia 2015 hata Oahu ikaingia.

Lakini tuambiane ukweli. Marufuku ya Honolulu haiwezi kuzuia wavu uliotupwa na meli ya nchi nyingine. Mtu wa Kamilo anasafisha Jumamosi, kesho bahari inamletea zingine. Faida walikula wengine, kazi ya kuzoa ikabaki kwake, tena bila malipo. Hapo ndipo ushahidi wa mabaharia unakuwa na nguvu: ukijua taka ni za nani, unaweza kumwambia alipe.

Na hii stori inafika hadi Gigiri. Machi 2022, hapa Nairobi, nchi za dunia zilikubaliana kuandika mkataba wa kukomesha uchafuzi wa plastiki, umalizike kufikia mwisho wa 2024. Deadline ikapita. Agosti 2025 wakakutana Geneva, wakaachana bila makubaliano. Wengi wanataka uzalishaji wa plastiki upunguzwe. Nchi zenye mafuta zinataka tuongee usafi na recycling pekee, na plastiki yenyewe hutengenezwa kwa mafuta na gesi. Unaona mchezo?

Sisi tulipiga marufuku mifuko 2017, na Lamu ikatoa Flipflopi, dau la plastiki iliyotumika lililofika Zanzibar 2019. Tuna haki ya kuongea. Kwa hivyo ukiona cleanup ya beach inatangazwa, enda, okota. Lakini ukimaliza uliza pia: nani anazalisha hii kitu, na mbona anayeiokota ni wewe?