Nilipoirudia Kusadikika

Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya upili, Kusadikika ya Shaaban Robert niliisoma kama mtu anywaye shubiri. Mwalimu alitutaka tukariri majina: Karama ni mwema, Majivuno ni mwovu, basi. Nchi iliyo angani ilinifurahisha kwa kurasa chache tu; hotuba zilipoanza, usingizi nao ukaanza. Majuzi nimekirudia kitabu hicho pamoja na ndugu zake wa kubuni, Adili na Nduguze na Kufikirika, na sina budi kukiri kwamba nilikidhulumu.

Hebu tuitazame kesi yenyewe. Karama hakuiba wala hakuua. Kosa lake ni kutaka kuanzisha mafunzo ya sheria. Katika utetezi wake anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini kutafuta mambo ya kuinufaisha nchi. Kila mmoja alirejea na maarifa. Kila mmoja akatiwa gerezani. Ujanani niliona ni kisa kimoja kinachorudiwa mara sita, nikaruka kurasa. Sasa marudio yayo hayo ndiyo yanayonitisha, kwani baada ya mjumbe wa tatu msomaji anajua yatakayompata wa nne, na watawala wa Kusadikika hawaoni haya hata kidogo. Tukumbuke pia kwamba kitabu kilichapishwa 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, na mwandishi alikuwa mtumishi wa serikali hiyo. Yamkini ndiyo sababu nchi yake ikawekwa angani.

Hata hivyo, si kila kitu kilichopanda thamani. Mhusika aitwaye Hasidi hana njia ila kuhusudu. Jina limekwisha kumhukumu kabla hajatenda. Lakini Adili alazimikaye kuwachapa kila usiku nduguze waliogeuzwa manyani, ilhali anawapenda, ana uhai kuliko wasemaji wote wa Kusadikika. Na kafara ya mjinga na mwerevu katika Kufikirika bado inachekesha, jambo ambalo hatukuambiwa darasani kwamba linaruhusiwa.

Dosari kubwa ni mwisho wa kesi. Karama anaokolewa na hukumu ya mfalme. Sheria aliyoipigania haijawa na nguvu yoyote. Uliomfaa ni moyo wa mtawala siku hiyo. Raia wamekuja barazani kusikiliza tu.

Walimu wenzangu, tumechoka kuuliza sifa za Karama, na wanafunzi wamechoka kuzijibu. Tuwaulize kingetokea nini iwapo mfalme angekataa. Mimi sikuulizwa hivyo, na kwa miaka mingi niliamini kwamba Karama alishinda.