Gunia lina jina, musafiri hana

Kati ya Kindu na Ubundu, muto Lualaba ndio barabara, kilomita karibu 300. Njia ya gari inajulikana: mvua ikinyesha, hata pikipiki inashindwa. Kwa hiyo mwenye kutaka kuuza muchele wake anapanda balenieri, ile mashua ndefu ya mbao yenye moteri. Anaketi juu ya mizigo pamoja na mbuzi, baiskeli na bido za mawese. Analala humo, anapika humo.

Kila mara mashua kama hiyo inapozama popote inchini, viongozi wanarudilia maneno mawili: kusafiri usiku ni marufuku, na jile za kuokolea maisha ni lazima. Ni maneno ya kweli. Mwezi wa ine 2025, karibu na Mbandaka, mashua ya mbao iliwaka moto na watu zaidi ya 140 wakafa. Mwezi wa tisa mwaka huohuo, ajali mbili huko Basankusu na Lukolela ziliua wengine zaidi ya 190, kwa hesabu ya viongozi. Lakini kuna jambo la tatu ambalo bei yake ni daftari na kalamu, na halisikiki sana: orodha ya wasafiri.

Mutu atazame mizigo inavyopakiwa. Gunia la muchele lina jina la mwenyewe, ao alama ya rangi. Likipotea, mwenyewe anajua ni nani wa kuuliza, na konvoyeri anajua atalipa. Mama aliyeketi juu ya gunia hilo, na mutoto mugongoni, hajaandikwa mahali popote. Mara nyingi mutoto hahesabiwi hata kwa bei ya safari.

Matokeo yake, wakaaji wa Goma waliyaona kwenye ziwa Kivu, tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, wakati mashua iliyotoka Minova ilipozama karibu kabisa na Kituku. Gavana wa Kivu ya Kusini alitangaza watu 78 waliokufa. Upande wa Kivu ya Kaskazini hesabu ya maiti ilikuwa chini sana. Kati ya namba hizo mbili kuna watu. Jamaa zao wangelia na kuzika, ao wangeendelea kungoja?

Wenye mashua wana jibu: wasafiri wengi hawapandi bandarini, wanaletwa na mitumbwi kutoka vijiji vya kando, usiku ama mchana, nani atawaandika? Jibu hilo halitoshi. Hakuna anayepanda bila kulipa. Mwenye kupokea franka zake anamuona uso kwa uso, na anajua anashukia wapi. Kuongeza jina na kijiji ni dakika moja.

Shida iko kwingine. Orodha ya kweli ingeonyesha kwamba mashua imepakia kupita kiasi, na ingeonyesha pia nani aliiacha iondoke. Watumishi wa serikali hawakosekani bandarini: kila mmoja na karatasi yake, kila mmoja na kodi yake. Mumoja wao aandike majina mbele moteri haijawaka, abakie na kopi kwenye inchi kavu, na kila kituo kiongeze wanaopanda na kufuta wanaoshuka. Daftari inayobaki ndani ya mashua inazama pamoja na mashua.