'Pozitivu' ya Tezi Isikutie Kiwewe!

Wiki hii tuongelee tezi ya shingo, maana inawasumbua wengi, hasa kina dada.

Shoga yangu mmoja alichoka wiki nzima nzima, akaenda kupima damu. Karatasi ikaandikwa 'anti-TPO pozitivu'. Alilia huyo! Si unajua mjini neno pozitivu tumelizoea kwa ugonjwa mmoja tu? Nikamwambia, "Shoga, hiki siyo kile."

Sikia. Kingamwili ni walinzi wa mwili. Sasa kuna wakati wanachanganyikiwa, wanaishambulia tezi yenyewe, kama sungusungu wanaomtwanga mwenye nyumba na mwizi anawatazama. Ugonjwa wenyewe unaitwa Hashimoto, jina la daktari Mjapani aliyeueleza mwaka 1912.

Lakini anti-TPO inakuambia tu kwamba walinzi wamegeuka. Haisemi kama nyumba imebomoka. Wapo kibao wenye kingamwili hizo na tezi zao zinachapa kazi. Kinachoonyesha hali ya nyumba ni TSH, homoni inayotoka chini ya ubongo kuisukuma tezi. Tezi ikizembea, TSH inapanda. Uchunguzi wa miaka 20 huko Whickham, Uingereza, uliochapishwa mwaka 1995, ulionyesha kuwa kati ya wanawake 100 wenye kingamwili peke yake, kama 2 tezi zao huchoka kila mwaka. TSH nayo ikiwa juu, wanafika kama 4.

Ufanyeje basi? TSH ikiwa sawa, kwa kawaida vidonge vya homoni havihitajiki; rudia kipimo hicho kila mwaka. Usiazime vidonge vya jirani, vinaweza kukupeleka moyo mbio. Wala usihangaike kupima kingamwili kila mwezi: namba ikishuka siyo kwamba umepona, ikipanda siyo kwamba umezidiwa. Ila kama una mimba, au unapanga kuzaa, mwambie daktari mapema, maana hapo TSH huangaliwa kwa karibu zaidi.

Na uchovu wa shoga je? TSH yake ilikuwa safi. Kumbe damu ndiyo ilikuwa pungufu! Angeishia kwenye ile 'pozitivu', angekuwa anaisingizia tezi mpaka leo.

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa.