Nani Kakwambia Uing'arishe?

Vijana wenzangu, leo sikuja na ushairi wa mapenzi. Nimekuja kugombana, na wa kwanza kugombana naye ni mie mwenyewe.

Pita Darajani jioni uangalie mikono ya vijana. Rolex tupu! Submariner huku, Daytona kule. Bandia, naam, mvaaji anajua na anayemtazama anajua. Mie sina ugomvi na bandia. Umaskini si aibu, na kijana kupenda kupendeza hakukuanza leo. Ugomvi wangu ni kwamba zote zinang'ara. Hamna hata moja iliyochubuka. Tumeshaamini kwamba kitu cha thamani ni kile ambacho hakijaguswa na mtu.

Sasa sikilizeni kichekesho. Wale wenye fedha zao, wanaokusanya Rolex za kweli, wanazozitafuta kwa udi na uvumba ni zile kuukuu. Submariner ilianza mwaka 1953, saa ya wapiga mbizi. GMT-Master ikafuata katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya marubani wa Pan Am, wasome saa za miji miwili kwa mpigo. Daytona ni ya 1963, ya madereva wa mashindano ya magari. Muulize mkusanyaji anaipenda ipi katika hizo. Atakwambia: ile ambayo uso wake mweusi umegeuka kahawia kwa jua, ile ambayo duara lake la buluu na nyekundu limepauka kama kanga iliyofuliwa miaka kumi. Swali lake la kwanza ni: imepigwa msasa? Ukisema ndiyo, bei inaporomoka. Uso umebadilishwa? Bei inaporomoka tena, hata kama huo mpya umetoka kiwandani kwenyewe. Lakini mashine ya ndani wanaifungua, wanaisafisha na kuitia mafuta, maana saa isiyokwenda ni bangili. Kanuni yao ni fupi: tengeneza mashine, usiguse uso.

Kwa nini? Kwa sababu wananunua hadithi. Mwaka 2017 Daytona ya mcheza filamu Paul Newman iliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 17. Si dhahabu ile, ni chuma. Ila aliivaa yeye, na mkewe alikuwa amemchongea nyuma maneno ya kumtaka aendeshe gari kwa uangalifu. Mtu kalipa mamilioni kwa wasiwasi wa mke!

Na ipo hadithi nyingine inayotuhusu sisi khasa. Katika miaka ya 1970 Sultan Qaboos wa Oman aliagiza Rolex zenye nembo ya nchi yake usoni, khanjari na panga mbili. Nyingine zilipitia duka la Asprey la London. Ziko Submariner, ziko Sea-Dweller, ziko Daytona. Alizitoa zawadi kwa wageni, kwa watumishi wake, na kwa maofisa wa Kiingereza waliopigana upande wake katika vita vya Dhofar. Leo saa ya khanjari ikifika mnadani, wakusanyaji wanasukumana mlangoni.

Sasa fungua katalogi usome. Utamkuta ofisa wa Kiingereza: alitumikia wapi, mwaka gani, alipewaje. Vyema. Lakini tunajua kwamba Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970 aliwaita Waomani wa nje warudi kujenga, na wengi walioitikia walizaliwa hapa Unguja na Pemba. Waliingia polisi, jeshini, skuli, kwenye mafuta. Mpaka leo Kiswahili kinasemwa Muscat. Hao nao walivaa saa. Hadithi zao ziko wapi? Aliyeandika amepata bei. Asiyeandika kauza chuma kwa uzito wake.

Mie ni miongoni mwa waliouza, nawaeleza.

Mjomba wangu aliondoka hapa kijana, baada ya 1964, akafikia Muscat. Kwa mishahara ya miaka kadhaa alinunua GMT-Master, yenyewe, duara buluu na nyekundu. Hakurudi. Alipofariki saa ililetwa na khalati, imefungwa ndani ya leso, nikapewa mie kwa kuwa ndiye msomi wa nyumba. Msomi! Niliitazama nikaona haya. Imechubuka kila upande, rangi zimepauka, na duara lenyewe halikukaa sawa: ile pembe tatu inayotakiwa kuwa juu kabisa ilikuwa imesogea kidogo kulia. Nikasema, hii imekwisha haribika.

Nikaipeleka kwa fundi. Fundi hana kosa, alifanya nilichomwagiza. Nikamwambia: piga msasa, weka duara jipya, nyoosha. Ikarudi inang'ara kama sinia la harusi. Nikaenda kumwonesha bibi, dada yake mjomba. Akaigeuza geuza, akaniuliza:

"Na saa ya Unguja umeipeleka wapi?"

Sikumfahamu. Akanieleza taratibu, kama anamweleza mtoto. Muscat iko mbele yetu kwa saa moja. Mjomba alilisogeza duara lile hatua moja kulia, akaliacha hapo maisha yake yote, ili akrabu ya nne imwoneshe huku kwetu ni saa ngapi. Akijua sasa hivi wanatoka msikitini, sasa hivi mama anakoroga uji. Yule mtu alivaa Unguja mkononi. Nami nikalipa fedha ili ifutwe.

Basi ndiyo maana nimekuja na hasira.

Kwani hatufanyi hivyo hivyo na mji? Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Chokaa inapumua, maji yakiingia yanapata njia ya kutoka. Anakuja mtu na saruji, anapaka, nyumba inapendeza wiki mbili. Ndani maji yamefungiwa, boriti inaoza kimya kimya. Msasa ule ule! Na upande wa pili tuna ugonjwa wa kuacha: mnara wa saa wa Beit el Ajaib, nyumba ya Sayyid Barghash ya mwaka 1883, uliporomoka pamoja na upande wa mbele wa jengo tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakapoteza maisha. Tumeandikwa katika urithi wa dunia tangu 2000, lakini karatasi ya urithi haizibi paa. Ama tunang'arisha uso, ama tunaiacha mashine ife. Lile la katikati, kutunza, ndilo gumu.

Najua mtaniambia: wewe unatufundisha kwa mfano wa matajiri wanaofungia saa kabatini? Kweli, wengi wanahesabu faida tu. Na wana upofu wao: hadithi wanayoilipia ni ya mtu mwenye jina. Saa moja ya mjomba wangu hakuna mnada ungeipa hata shilingi. Sawa. Ndiyo maana kazi hiyo haiwezi kuachiwa wao. Ni yetu, sisi tunaojiita waandishi.

Na waandishi wenyewe tukoje? Nasoma hadithi zetu naona msasa mtupu. Mlango wa nakshi, harufu ya karafuu, jua linazama Forodhani, kwisha. Hamna jina la mtaa, hamna deni la dukani, hamna mtu aliyekwenda Muscat akaacha mke. Maneno ya bibi zetu tunayafuta kwa kuwa eti ya kishamba, tunaweka ya magazetini yanayong'ara. Halafu tunalalamika hatusomwi. Nani asome postikadi? Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi mbacha tumeuchoma, na msala wenyewe wa kukodi.

Nendeni majumbani. Kuna kabati, kuna sanduku, kuna saa iliyosimama siku nyingi. Kabla hujamwita fundi, muulize mkubwa: hii ya nani? Ilitoka wapi? Mbona mkwaruzo huu? Mbona hiki hakikukaa sawa? Andika jibu kwa maneno yake yeye. Likikosa mantiki liandike hivyo hivyo. Pengine ndiyo saa ya Unguja hiyo.

Ya mjomba ninayo mkononi hivi naandika. Duara jipya nimelisogeza hatua moja kulia. Silo lile, najua, na bibi anajua.

Anayenipinga na aandike. Kurasa zipo.