Nafasi Si Takataka

Tuseme ukweli, wanakompyuta wenzangu. Kila asaimenti ya XML ikitolewa, kuna dawa inayozunguka hosteli hadi hosteli: "Kabla ya yote, futa nafasi zote." Mtu anafuta, programu inakubali, alama zinapatikana, maisha yanaendelea. Mimi nasema dawa hiyo ni mbaya kuliko ugonjwa.

Ugonjwa wenyewe tunaujua. Faili lina elementi ya maktaba, ndani yake vitabu viwili, kila kimoja kwenye mstari wake. Kwa macho unahesabu watoto wawili. Kichanganuzi kinahesabu watano: nafasi, kitabu, nafasi, kitabu, nafasi, kwa sababu kuanza mstari mpya nako ni herufi. Sasa wewe kwenye Haskell umeandika ruwaza ya orodha yenye vitu viwili tu. Orodha ya vitano haiingii hapo, programu inakufa, na lawama zote anabebeshwa XML.

Lakini kichanganuzi hakijakosea. Kanuni za XML 1.0, zilizotoka 1998, zinakitaka kiifikishie programu kila herufi isiyo sehemu ya tagi, nafasi zikiwemo. Chenyewe hakiwezi kujua ipi ni pambo la mwandishi na ipi ni sehemu ya maneno. Ndiyo maana Xmlm ya OCaml na xmerl ya Erlang huziacha nafasi zilivyo mpaka wewe uombe vingine.

Tazama mfano huu:

<p>Amesema <i>si</i> <b>mama</b></p>

Kati ya tagi ya kufunga i na ya kufungua b kuna nafasi moja, basi. Pitisha ile dawa ya hosteli, na msomaji atasoma "Amesema simama". Programu haikulalamika, hakuna kosa lililoonyeshwa, ila maana imeshakufa. Kwetu Waswahili nafasi ni sehemu ya sarufi: "wa kati" si "wakati".

Na usidhani haya yanaishia darasani. Ripoti yako ya mwaka wa mwisho, kama ni docx, ni zipu yenye mafaili ya XML ndani. Ifungue uone: vipande vya maneno vyenye nafasi mwanzoni au mwishoni vimewekewa xml:space="preserve", yaani hizi msiziguse.

Kwa hiyo tufanyeje? Kwanza, acha kichanganuzi kilete kila kitu. Kisha andika fankshoni yako ndogo inayopokea mti na kurudisha mti mpya, na uitajie elementi ambazo kazi yake ni kubeba elementi nyingine tu, kama ile maktaba. Humo ndimo ufute nafasi. Kwenye aya za maneno, usiguse. Orodha ya elementi hizo huibuni kichwani. Iko kwenye DTD au skima ya faili. Na hapa ndipo uzuri wa lugha za kifankshoni unapoonekana: mti wa awali haubadiliki, kwa hiyo unaweza kulinganisha wa kabla na wa baada.

Angalizo moja: isSpace ya Haskell ina mikono mirefu kuliko XML. XML inatambua nafasi nne tu, yaani nafasi ya kawaida, tabo, na herufi mbili za mwisho wa mstari. isSpace inakamata hata ile nafasi isiyokatika, ambayo mwandishi ameiweka kwa makusudi.

Wapo watakaosema hiyo ni kazi nyingi kwa alama mbili. Jamani, ni chujio moja na orodha ya majina! Na walimu wetu watusaidie: kwenye majaribio waweke hata aya moja yenye maneno na tagi zilizochanganyika, ile dawa ishindwe mapema, tukiwa bado hapa chuoni. Kesho tutakabidhiwa hukumu za mahakama na maelezo ya wagonjwa. Huko neno likigandana na jirani yake, hakuna wa kutupa asaimenti nyingine.