Gemu Zimesingiziwa

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka mabaya, mshtakiwa anajulikana kabla kesi haijasomwa: gemu. Simu husimama kizimbani kama mshirika. Mzazi anasema hivyo, mwalimu anasema hivyo, na shehe na mchungaji, ambao wana mengi wasiyopatana, kwa hili wanapatana. Basi mwenyekiti wa mtaa anaongozana na mgambo hadi kwenye kibanda cha PlayStation, televisheni inabebwa, watoto wanatimka, na wazazi wanalala wakiamini vijana wao wamepona.

Hawajapona. Amekamatwa siye.

Sisemi hakuna mtoto anayeugua. Yupo. Shirika la Afya Duniani liliuweka uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Lakini someni masharti yake: mchezaji awe ameshindwa kujizuia, gemu iwe imetangulia mambo mengine yote ya maisha yake, aendelee kucheza huku akiona inavyomuumiza, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12. Mtoto aliyetumwa sukari akachelewa kurudi hayumo. Na kuna jambo ambalo wanaotuhubiria huliruka: katika orodha hiyo, uraibu wa gemu umepangwa fungu moja na uraibu wa kamari. Kamari ilitambuliwa kuwa ugonjwa miongo kadhaa kabla ya gemu.

Dawa ya kufungia imekwisha kujaribiwa na wenye nguvu kuliko sisi. Korea Kusini mwaka 2011 ilipiga marufuku walio chini ya miaka 16 kucheza gemu za mtandaoni kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Watoto wakaingia kwa vitambulisho vya wazazi, gemu zikahamia kwenye simu ambako sheria haikufika, na Januari 2022 sheria ikafutwa. China iliweka mipaka ya saa za kucheza mwaka 2019. Watafiti wakapitia rekodi za mabilioni ya saa za uchezaji, wakachapisha matokeo yao 2023 katika jarida la Nature Human Behaviour: hawakuona ushahidi kwamba uchezaji wa kupindukia ulipungua. Huko kuna dola inayoweza kumtambua mchezaji kwa sura yake. Sisi tuna mgambo na kirungu.

Hebu ingieni kwenye hicho kibanda mkae kidogo. Benchi la mbao, pedi iliyofungwa solotepu, mia tano kwa mechi, aliyefungwa anampisha anayesubiri. Kuna kelele na utani usiokwisha, na mwenye kibanda anamjua mama wa kila aliyeketi pale. Mtoto akiishiwa hela anabaki mtazamaji, akichoka anakwenda zake. Amepoteza mia tano na ameaibika kwa mabao matatu. Kama alitoroka shule aadhibiwe kwa kutoroka shule.

Sasa vukeni barabara. Dukani, kati ya gunia la mkaa na ndoo ya mafuta ya kula, kuna mashine inayowakawaka taa. Hiyo ndiyo dubwi, na chakula chake ni sarafu. Walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kucheza kamari, lakini mashine haina macho, na mwenye duka anajifanya hana. Mtoto anatumbukiza sarafu, taa zinakimbia, zinasimama hatua moja tu baada ya pale alipochagua. "Dah, kidogo tu!" Anatafuta sarafu nyingine. Mashine za namna hii hutengenezwa hivyo kwa makusudi: kukosa kufanane na kukaribia kupata, na malipo yaje mara moja moja, bila mpangilio wa kutabirika, maana mwanadamu akilipwa hivyo ndipo anapong'ang'ania zaidi.

Dubwi angalau ina mlango wa duka unaofungwa usiku. Kijana mwenye simu ana kale kandege ka Aviator. Kanapaa, namba zinapanda, uchukue chako kabla hakajatoweka. Wengi hukawia, wanaliwa. Raundi inakwisha kwa sekunde, nyingine inaanza. Gemu ya mpira ina filimbi ya mwisho, huku hakuna. Hela inatoka kwenye laini yake bila kupita mbele ya mtu wa kumuuliza, "Leo umekula?" Mkeka ukichanika, mkopo wa kurudia uko kwenye simu ileile. Bodaboda anayecheza hesabu ya bosi wake kijiweni, akilenga kuirudisha kabla ya jioni, hatajwi kwenye mahubiri ya gemu. Ni mtu mzima, tunasema, anajitafutia.

Tena huo ndio uraibu tuliouvalisha jezi. Mwaka 2017 SportPesa ilikaa vifuani mwa Simba na Yanga kwa pamoja, na Julai ikailetea Dar es Salaam Everton kucheza na Gor Mahia. Wayne Rooney akafunga Uwanja wa Taifa, tukapiga kelele hadi koo zikakauka. Mwaka 2022 Simba wakahamia M-Bet. Mtoto wa darasa la tatu anaijua kampuni ya kubeti kabla hajalijua jedwali la saba, na jezi hiyo kanunuliwa na baba yuleyule anayemnyang'anya simu.

Mkitaka kubeba kitu, bebeni dubwi zote zilizo madukani. Kisha futeni matangazo. Kenya ilionja hilo Aprili 2025, bodi yake ya kamari iliposimamisha matangazo yote kwa siku 30. Najua jibu la mashabiki: klabu zitakula wapi? Yanga ilizaliwa 1935 na Simba 1936, na hakuna aliyekuwa akibeti kwa simu. Vilabu vya Ligi Kuu ya England, vyenye hela za kamari kutuzidi mara nyingi, vilikubaliana Aprili 2023 kuyaondoa majina ya kamari mbele ya jezi msimu wa 2025/26 ukiisha. Tunaiga kila kitu cha ligi ile, hadi mikato ya nywele ya wachezaji wake, lakini hilo limetupita.